Mtani Aliyelala Kwenye Shimo la Padre

Bi Shamsia wa Kitangari alikuwa na magoti mabovu na mdomo mzima. Magoti aliyamaliza kwenye njia ya maji, ile inayoteremka genge mpaka chemchemi ya bondeni. Ukimsikiliza yeye, njia hiyo ilikanyagwa kwanza na bibi yake, ambaye siku moja alikutana na chui, akamtwika ndoo, na chui akapanda nayo hadi juu. Ukimuuliza chui aliishia wapi, atakujibu, "Alirudi kwao, kiuno kinamuuma. Alikuwa dume."

Bomba lipo kijijini. Linakohoa, linatema upepo, na siku likijisikia vizuri linatoa maji. Ndiyo maana wanawake bado wanateremka, na njia yao inapita kando ya nyumba ya mafungo ya Padre Cuthbert, mahali ambapo Wakristo wanatoka Masasi, Mtwara na hata Dar kuja kukaa kimya na kusali. Miaka yote hakuna aliyemsumbua mwenzake. Mpaka padre alipoomba kibali cha kujenga bweni jipya na kulizungushia ukuta.

Tangazo la ujenzi na la mkutano wa kutoa maoni lilibandikwa mlangoni mwa ofisi ya kijiji. Bi Shamsia hakuwahi kukaa darasani, kwa hiyo jirani yake Winfrida alimsomea.

"Ukuta unakata njia yetu, bibi. Itabidi tuzungukie kule nyuma ya mikorosho ya kina Hamidu."

"Kule kwenye mteremko wa mawe?"

"Kule kule."

Bi Shamsia akayatazama magoti yake kama mtu anayewatazama watoto wavivu. Mteremko ule hayauwezi. Na asipoweza kuchota maji, mwanawe Nasibu anasubiri tu sababu ya kumhamishia Mtwara. "Mama, huku maji yanatoka ukutani," humwambia kwenye simu. Bi Shamsia aliwahi kwenda, akakaa kwenye kochi kama kuku aliyefungwa miguu, kila mtu akimwambia apumzike. Alirudi na basi la kwanza.

"Siendi," akasema, ingawa Winfrida hakuwa amemuuliza kitu.

Siku ya mkutano alikaa mbele kabisa. Afisa mipango miji, kijana nadhifu aitwaye Emmanuel aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba, alitandaza mchoro mezani.

"Mimi niko wapi hapo, baba?" Bi Shamsia akauliza.

"Bibi, huu ni mchoro wa majengo."

"Na chemchemi?"

"Chemchemi iko nje ya karatasi."

"Basi tandika karatasi nyingine. Sisi hatunywi karatasi."

Watu wakacheka. Emmanuel naye akatabasamu, akakunja mchoro wake. "Maoni yenu tumeyapokea na yatazingatiwa. Kesho tutakagua eneo."

"Yatazingatiwa!" Bi Shamsia akamwambia Winfrida njiani. "Hata bomba walilizingatia."

Kesho yake asubuhi afisa alifika na padre, pamoja na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Husseni. Fundi alikuwa ameshachimba shimo la kupimia udongo, katikati ya njia, refu kama kaburi. Walipochungulia, ndani yake alikuwa amelala Bi Shamsia, kajifunika kanga mpaka kidevuni, ndoo kaiweka kichwani pa shimo.

Sasa ujue jambo moja. Padre Cuthbert ni Mmakua, na Bi Shamsia ni Mmakonde, kwa hiyo ni watani. Kwenye msiba mtani anaweza kuingia kaburini akalala, na hatoki mpaka mfiwa amkomboe kwa zawadi. Hakuna anayekasirika, na hakuna mtu mwingine anayethubutu kumvuta.

Emmanuel wa Bukoba angeyajulia wapi hayo? Akaruka shimoni, akamshika bibi mkono. Wanawake waliokuja na ndoo zao wakapiga vigelegele. "Kamgusa! Kamgusa!"

Mzee Husseni akashika kichwa. "Bwana afisa, toka humo. Anayemtoa ni mwenye msiba."

"Msiba gani, mzee? Kafa nani?"

"Njia," ikasema sauti kutoka shimoni.

Padre alikuja na uso wa kukemea. Uso ule ukamponyoka, akavua miwani na kuanza kucheka bila kupenda. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimekufa."

"Toka humo, Mmakonde wewe! Mlipanda wenyewe juu ya mlima usio na maji, leo mnamlaumu nani?"

"Tulipanda kuwakimbia nyie Wamakua, mlikuwa mmetumalizia panya wote kule chini!"

Padre akaagiza kuku aletwe. Bi Shamsia akasema awekwe hapo, kuku huyo atamwamsha alfajiri. Padre akaagiza kitenge. Bi Shamsia akajifunika, akashukuru, akafumba macho. Kisha akayafumbua, na safari hii hakuwa na utani hata kidogo.

"Cuthbert. Ukuta ukisimama hapa, mimi nahamishwa. Nitafia Mtwara kwenye kochi la watu, nikiomba maji ya kunawa. Kama ndivyo, nifukie hapa hapa. Jenga juu yangu."

Vicheko vikakatika. Padre akawatazama wanawake na ndoo zao, akavaa miwani.

"Emmanuel, sogeza bweni. Ligawe mara mbili, njia ipite katikati. Na ukuta usifike hapa."

"Lakini padre, mchoro umeshapigwa muhuri. Nitaandika sababu gani?"

"Andika udongo umekataa," akasema Mzee Husseni. "Andika una mtu."

Padre akainama, akampa mtani wake mkono, akamtoa. Kuku na kitenge Bi Shamsia aliondoka navyo.

Leo ukimkuta anahadithia, atakwambia alilala mle mpaka kunguru wakajenga kiota kwenye ndoo. Mwache. Bweni limesimama, vipande viwili, na njia inapita katikati. Padre alitundika kibao, na Winfrida akamsomea bibi: KIMYA, WATU WANASALI.

"Kizuri," Bi Shamsia akasema. "Kimekaa juu sana, lakini. Sikisikii."

Kila asubuhi akifika chini ya kibao hicho anatua ndoo na kupaza sauti: "Hodi, Mmakua! Umekufa?"

Na kutoka dirishani, katikati ya wageni walioapa kutosema neno, sauti moja inamjibu: "Pita, mla panya!"

Anapita.