Baba Hakulia

Wanakijiji wenzetu wa Mugeta walimtuma baba kikaoni Bunda mjini, akawasemee juu ya tembo wanaomaliza mahindi. Alikwenda peke yake. Aliporudi alisema tu, "Nimewaambia," akaenda kuangalia ng'ombe.

Jumapili iliyofuata nilitoka Musoma, ninakofanya kazi kwenye duka la steshenari, nikamkuta mwinjilisti wetu ana gazeti la Kiingereza. Baba alikuwa ametajwa. Baada ya ibada nikapewa nisome na kutafsiri mbele ya watu, kwa kuwa mimi ndiye niliyefika kidato cha sita.

Nilikwenda vizuri hadi kwenye neno "decried". Sikulijua. Ila ndani yake niliona "cried", na hilo nililijua tangu shule ya msingi. Nikasema, "Mzee alilia kwa sababu askari wa wanyamapori wanachelewa kufika."

"Alilia? Mbele ya wakubwa?" jirani yetu mmoja aliuliza. Watu wakacheka.

Baba hakucheka. "Soma tena."

Nilisoma tena, na safari hii nilijua wazi kwamba sina hakika. Ningeweza kusema. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, mimi msomi.

"Ndivyo walivyoandika, baba."

"Mimi sijalia tangu nimzike mama yangu," alisema, akachukua kofia yake akaondoka.

Huko kwenye josho la ng'ombe wakawa wanamuuliza kama amebeba leso. Kijiji kilipotaka mtu wa kurudi Bunda, wakamtuma mwingine. Baba hakubishana nao.

Nililikuta tena lile neno kazini, kwenye gazeti aliloacha mteja. Kiongozi fulani alikuwa ame-"decry" takataka za soko la Mwigobero. Nikajiuliza, mtu mzima alilie takataka? Nikatafuta kwenye simu. Kukemea. Kulaani hadharani. Uso ukaniwaka nikiwa peke yangu pale kaunta. Nikampigia baba, nikamweleza yote.

Akasema, "Uliwasomea kanisani. Kawaambie kanisani."

Nikaenda. Baada ya ibada nilisimama palepale, nikasema mzee hakulia, alikemea, na kosa lilikuwa langu. Wachache wakacheka, safari hii wakinicheka mimi. Jirani yule akamfuata baba akampa mkono. "Tusamehe, mzee. Tulikuwaga tunatania tu." Baba aliupokea, akavaa kofia yake akaondoka.

Tukiwa njiani kwenda nyumbani aliniuliza, "Hao waandishi hawana neno la 'alisema'?"

"Wanalo, baba. Hawalipendi. Wanaona ni la kawaida mno."

"Mimi nilisema tu," alisema. "Nilisema kwa sauti kubwa, basi."

Nilitaka kumwomba msamaha tena, lakini alikuwa ameshatangulia, nami nikamfuata nyuma nikitazama chini.