Mwaka Wageni wa Mvua Walipochelewa

Niliwahi kumpaka ndege masizi machoni ili mama yangu asimtambue. Naanza na hilo mapema kabla hamjalisikia kwa dada yangu Hawa, maana Hawa akisimulia huongeza chumvi, na chumvi ya kwetu ilitoka dukani kwa baba, haikuisha. Hadi leo, hapa shule ya kati, mpishi akisugua masufuria na harufu ya masizi yaliyolowa ikaingia darasani, mimi naacha hesabu za mwalimu ubaoni na kurudi Dongobesh. Nina miaka minane, nimechuchumaa nyuma ya jiko, mkononi nina kidege kinachonidonoa kidole, na ni haki yake.

Baba alikuwa mtu wa Kondoa aliyekuja na punda, akafungua duka dogo, akasahau kuondoka. Mama alikuwa Mwiraqw wa Tumati, na shamba la mteremkoni nyuma ya nyumba lilikuwa lake. Baba alitawala chumvi, kaniki na mafuta ya taa. Ukivuka tu uzio wa manyara, serikali ilikuwa nyingine.

Serikali ya mama ilikuwa na sheria moja isiyo na rufaa: mbegu haigusi udongo mpaka wageni wa mvua waonekane. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Wageni wenyewe walikuwa videge vidogo, kidole gumba kina nyama kuliko wao. Mgongo wao ni wa kijani kilichofifia kama jani la haragwe lililokosa maji, kifua kina umanjano wa mbali, na juu ya jicho wana mstari mwembamba, kama nyusi iliyochorwa na mtu mwenye haraka. Hawatulii. Walikuja kila mwaka mvua inapokaza, wakakaa nasi, na masika yakielekea mwisho wakaondoka bila kuaga.

"Mvua ya kunyunyiza inaweza kumdanganya mtu," mama alikuwa akisema. "Wao wanakuja kula wadudu. Hawaji mpaka chakula kiwe kimeiva."

Walikotoka hakuna aliyejua. Mwaka jana tu mwalimu wetu wa jiografia alitandaza ramani akasema ndege wa namna hiyo hutoka Ulaya, huvuka bahari na jangwa. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, kumbe na ndege hawa wanatoka huko kwa Wazungu! Ila wao hurudi kwao kila mwaka." Mwalimu aligeukia ubao, mabega yakamtetemeka kidogo, kisha akageuka tena akanichapa. Sikumlaumu. Mkaguzi Mzungu alikuwa chumba cha pili.

Basi, mwaka ule ninaowaambia, wageni walichelewa. Kila alasiri mawingu yalijikusanya upande wa mlima Hanang, meusi, yenye makeke, yakatudondoshea matone ya kulowesha vumbi, yakaenda zake. Vumbi lilinukia vizuri mno. Majirani walianza kumwuliza mama kupitia uzio, "Mama Hawa, bado?" kwa sababu akipanda yeye, mteremko mzima ulipanda. Naye alijibu "Bado," kila siku kwa sauti ndogo zaidi.

Kila asubuhi, baada ya shikamoo na uji, ambao siku hizo ulikuwa mwepesi hata unaona uso wako ndani, mimi na Hawa tulitumwa kukagua uzio, vichaka na migunga ya kijitoni. Kutafuta kidege kile si kama kutafuta ng'ombe aliyepotea. Unasimama chini ya mti, unaacha mdomo wazi kidogo ili usikie vizuri, unatazama jani linalotikisika bila upepo. Hayo ya mdomo alinifundisha Hawa. Siku moja nzi akaingia, na mpaka leo siamini kwamba Hawa hakuwa amelipanga.

Tuliona ndege chozi, tuliona chiriku. Tuliona kinengenenge mpaka tukachoka kumwona. Huyo ni mwenyeji wetu, hana safari yoyote. Naye ana ukijani na umanjano kama wa wageni, lakini jicho lake limezungushiwa duara jeupe, kama miwani ya karani wa boma.

Hapo ndipo alipofika baba mdogo Saidi. Alikuwa akipeleka chumvi na nguo kwenye mnada wa ng'ombe wa Balangdalalu, huko upande wa Hanang, punda wake wana njuga shingoni, na alikuwa ameniahidi kunichukua. Mnada! Nilikuwa nimesikia habari zake kama wengine wanavyosikia habari za peponi: mafahali wanaopigana, nyama inayochomwa kutwa nzima, Wadatoga warefu na mikuki yao, vumbi, kelele. Mama akatikisa kichwa.

"Hakuna mtoto wa kuondoka hapa mbegu zikiwa bado kibuyuni. Tukishapanda, aende."

"Mimi naondoka keshokutwa, shemeji," akasema baba mdogo.

"Basi uwaombe wageni waje kesho."

Mnaona jinsi alivyonitega mwenyewe? Sikuwa na njia nyingine. Nilichemsha utomvu wa mkuyu mpaka ukawa ulimbo, nikaupaka kwenye kijiti, nikakiegesha kijitoni, nikanasa kinengenenge mmoja mjinga kuliko wenzake. Nikamsafisha miguu kwa samli. Kisha nikachovya kidole kwenye masizi ya chungu na kumfuta miwani, jicho moja baada ya jingine. Nilipomaliza, nilimtazama nikaona kazi nzuri. Kwa kweli alifanana na kinengenenge aliyetoka kupigana.

Nikasubiri magharibi, wakati nyumba imejaa moshi, nikaingia mbio.

"Mama! Mgeni!"

Akampokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea maji. Akamsogeza kwenye mwanga wa moto.

"Umempata wapi?"

"Migungani, kijitoni."

"Peke yake?"

"Wenzake wako nyuma, mama. Huyu ametangulia kuangalia hali."

Hawa akasogea, akanusa. "Mbona mgeni ananuka chungu?"

"Wewe ungetembea safari ndefu namna hiyo ungenuka nini?"

Mama hakutusikia. Alimwinua yule ndege, akacheka, na mimi nikashtuka kwa sababu nilikuwa nimesahau kwamba mama hucheka. Siku hizi najua kwamba masizi yangu hayakuwa na ustadi wa kumdanganya mwanamke wa Tumati aliyewatazama ndege wale tangu akibebwa mgongoni. Alikuwa amechoka kusema "bado", basi. Alifungua mlango, akamwachia. Ndege akaruka kwenda kuwaeleza wenzake nisiyoyajua.

"Hawa, kimbia kwa Mama Safari. Mwambie kesho asubuhi tunapanda. Awaambie wote."

Mama Safari alikuwa jirani yetu, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili. Ukimwambia yeye umemwambia kila mtu. Wanawake wa pale walilima na kupanda kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, na safari hii walikuwa wakisubiri kuanza na letu. Mimi nilikuwa tayari nasikia njuga za punda. Ndipo mama akateremsha kibuyu cha mbegu kutoka juu ya moshi, akakimimina kwenye ungo, na ungo haukujaa.

"Nyingine ziko wapi?" nikauliza.

"Nyingine zipi? Mbegu zetu ndizo hizi. Mwaka jana jua lilikula sehemu yake, na sisi tumekula sehemu yetu."

Akaanza kuchagua, akitoa zilizotobolewa, huku akiimba kwa pua. Hawa akaninong'oneza, "Hizi zikikauka ardhini tutakula ungo." Hakujua alichokuwa akinifanyia.

Alfajiri nilitoroka. Nilikuwa na hesabu yangu: nikipata mgeni mmoja wa kweli, yule wa uongo atakuwa amesamehewa. Nilisimama chini ya kila mgunga wa kijitoni na mdomo wazi. Umande haukuwapo hata kidogo. Vinengenenge walikuwapo tele, na miwani yao safi, wakinitazama kama wazee wa baraza wanaomtazama mwizi wa mbuzi. Mgeni hata wa dawa hakuonekana. Jua likatoka, na kutoka mteremkoni nikasikia wanawake wakiamkiana na majembe yakigongana.

Nilipopanda njia kuu, baba mdogo Saidi alikuwa akifunga mizigo.

"Ulikuwa wapi? Panda twende! Mama yako amekuruhusu, kasema wanawake wametosha."

Punda wa mbele alikuwa na nafasi mgongoni, kati ya magunia mawili, kama iliyopimwa kwa ajili yangu. Ningependa kuwaambia kwamba sikusita. Nilisita. Niliushika hata mkia wa kamba ya ule mzigo. Kisha nikasikia Mama Safari akicheka shambani, cheko la mtu anayefukia mbegu, nikaiachia kamba nikakimbia.

"Msipande! Msipande! Yule hakuwa mgeni! Ni kinengenenge, nilimpaka masizi!"

Wanawake wote wakasimama. Mama Safari akaegemea jembe lake.

"Ulimpaka nini?"

"Masizi."

"Wapi?"

"Machoni."

Mama Safari akakaa chini, pale pale tutani, akacheka mpaka akashika mbavu, na wenzake wakafuata mmoja mmoja. Mama yangu hakucheka. Alitazama ile mistari ya kwanza iliyokwisha kufukiwa, akanitazama mimi, akasema neno moja.

"Fukua."

Nilifukua kwa vidole, mbegu moja moja, nikipuliza udongo na kurudisha kibuyuni, mpaka jua likawa kichwani. Njuga za punda zilisikika zikiteremka kuelekea Hanang, kisha hazikusikika.

Siku zilizofuata mawingu yalitoweka kabisa. Ardhi ikawa ngumu, ikapasuka. Kama zile mbegu zingebaki chini, zingekaangwa kama bisi. Lakini hakuna aliyenishukuru, na hapakuwa na sababu. Watu walikuja dukani kwa baba bila nia ya kununua kitu, wanataka tu kumwona fundi rangi. "Mwana wa dukani," Mama Safari aliniita kutoka barabarani, "jogoo wangu amezeeka, njoo umpake awe kijana!" Baba alicheka kuliko wote, na kila aliyecheka sana alimuuzia kiberiti.

Mimi niliendelea kwenda kijitoni kila asubuhi. Hakuna aliyenituma. Hawa alikataa kufuatana nami, akisema hatembei na mtu wa sifa kama zangu.

Halafu mvua ikaja ya kweli, ile inayopiga bati la duka hata baba akauza kwa ishara. Ikanyesha, ikapumzika, ikanyesha. Asubuhi moja mchwa wenye mabawa walikuwa wakitoka ardhini kama moshi, na mimi niko chini ya mgunga wangu, shati limenigandama. Jani likatikisika. Jingine. Nikasikia mlio mdogo laini, unaopanda mwishoni kama mtu anayeuliza swali. Kisha nikawaona: videge vya nyusi, vinaruka, vinadaka, vinaning'inia, vina njaa ya safari yote ile.

Nilikimbia nyumbani nikihema. Hawa alikuwa mlangoni.

"Hawa! Wamekuja!"

"Wewe hata ukiniambia jua limechomoza, nitatoka nje kuhakikisha."

"Wallahi!"

"Umewapaka nini leo?"

Nikamgeukia baba. Baba akasema kwa upole kwamba ana wateja. Hakuwa na mteja hata mmoja. Na hapo ndipo nilipotambua kwa mara ya kwanza maishani mwangu kwamba ninaweza kusema kweli tupu na isimfikie mtu. Siku moja ya mvua kama ile ikipotea ni mahindi mangapi hayo, na mimi niliyejua ndiye ambaye hakuna wa kumsikiliza.

Mama alikuwa akitwanga. Aliweka mchi chini.

"Twende," akasema.

Matope yalitushika miguu, naye alitembea mbele yangu kana kwamba yeye ndiye anayenipeleka. Tulipofika, mgunga ulikuwa kimya. Hapakuwa na jani lililotikisika. Nilianza kulia kabla sijajizuia.

"Walikuwa hapa, mama. Walikuwa hapa hapa."

Nilidhani atageuka. Badala yake alikunja kanga yake, akachutama chini ya mti, akaacha mdomo wazi kidogo, akatazama juu. Alikaa hivyo, na mvua ya majani ikimdondokea usoni, wakati kazi zote za nyumba zinamsubiri. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi hapa shuleni, hasa siku nilizodanganya na kukamatwa. Watu wazima wengi wamewahi kuniambia kwamba wananiamini. Mama hakuniambia kitu kama hicho. Alikuja tu, akachutama, akasubiri pamoja nami, baada ya yote niliyomfanyia mbele ya mteremko mzima.

Mlio ukaja kwanza, ule wa kuuliza. Kisha mmoja akatokea kwenye tawi la chini, karibu nasi kabisa, akadaka mchwa, akafuta mdomo wake kwenye gome. Nyuma yake mwingine. Kisha mti wote ukawa unatikisika.

Mama aliwatazama kwa muda mrefu. Akasimama, akajipangusa uso kwa upindo wa kanga, akanigeukia.

"Kimbia kwa Mama Safari, mwambie awaite wanawake," akasema. "Lakini usiseme umeona wewe. Sema nimeona mimi."