Zumaridi Tuliyoikabidhi Langoni

Mchezo huu nilifunzwa na Mfilipino niliyeuza naye manukato mtaa wa Al Mankhool, huku ughaibuni kwa Waarabu. Mkataba wake ulipokwisha aliniachia kitabu cha kanuni na dadu moja yenye pande ishirini, nami nikauhamishia chumbani kwetu Al Nahda. Tulicheza Ijumaa asubuhi, vitanda vikiwa viti na sanduku la nguo likiwa meza. Mmoja husimulia ulimwengu, wenzake huishi ndani yake, na kwenye hatari dadu ndiyo huamua. Msimulizi nilikuwa mimi, na nilikipenda cheo hicho kupita kiasi.

Wachezaji walikuwa wawili. Mmoja Mganda, mlinzi wa kliniki Oud Metha. Mwingine Mzanzibari, fundi cherehani, mtu mzima, aliyekubali baada ya kumhakikishia mara tatu kwamba hamna ramli humo. Walitafuta zumaridi iliyopotea, ambayo humfikisha nyumbani kwao aliyeishika, kufumba na kufumbua. Zumaridi yenyewe ilikuwa kizibo cha kijani cha chupa ya manukato.

Wiki ya tatu tu Mganda akarusha dadu, ikaangukia ishirini, wakaipata. Mimi nilipanga waisake mwaka mzima. Nikabuni upesi mji wenye ukuta, na mlinda lango akawaambia kwamba vitu vya thamani huhifadhiwa na bwana wa mji. Nilitaraji wachomoe panga. Hata askari wa kupigana nao nilishawaandaa.

"Haya, mpe," Mzanzibari akasema. "Si ndo utaratibu."

"Tumpe tu. Tusipompa tutaingiaje?" akasema Mganda.

Nikakitia kizibo mfukoni. Kuanzia hapo bwana wa mji aliwatuma kila alikotaka: waliua joka, wakachimba visima, wakalinda ghala lake. Kila Ijumaa nilingoja wadai jiwe lao, wasidai. Nikimchokoza Mzanzibari hunijibu kwamba subira huvuta heri. Niliwacheka moyoni, nikidhani wamesahau.

Kisha Mganda akapata habari kwamba mama yake anaugua, na hali si nzuri. Pasipoti yake ilikuwa ofisini kwa kampuni tangu siku aliyoshuka uwanja wa ndege. Wiki mbili zilipita hajaiomba, akihofu kuonekana msumbufu. Tulijua, tukamwambia inshallah atapona, tukaendelea kucheza.

Ijumaa iliyofuata bwana wa mji aliwaagiza wakalinde daraja. Mganda akaiweka dadu chini.

"Mimi siendi. Nataka jiwe langu."

Nikamjibu kwa sauti ya bwana wa mji: "Haraka ya nini? Huku unakosa nini? Maliza kazi kwanza, kisha tutaona."

"Mama yangu ni mgonjwa, sir."

Mzanzibari akaacha kutafuna. Mimi niliona aibu, maana yale maneno sikuyatunga. Yalikuwa ya arbab wangu, tajiri mwenye duka, neno kwa neno, na yalinitoka bila kuyatafuta. Nikatoa kizibo mfukoni, nikamwekea kiganjani.

"Bila dadu?" Mzanzibari akauliza.

"Ni chake," nikasema.

Jumapili, kabla ya zamu, Mganda alikwenda ofisini. Wakamwambia arudi kesho. Akarudi kesho yake, na siku ya tatu akaketi pale mlangoni na sare yake mpaka madam wa ofisi akachoka kumtazama, akampa pasipoti. Alisafiri Alhamisi, kizibo kikiwa mfukoni mwa shati.

Ijumaa tulibaki wawili. Ujumbe wake uliingia tukinywa chai: amemkuta mama yu hai, amemlisha uji kwa mkono wake. Mzanzibari alinitaka niusome mara mbili, akajifuta macho bila kuficha, nami nikajifuta yangu. Nikaichukua dadu nimpe aanze.

"Ngoja kwanza, mwanangu," akasema. "Na pasipoti yako wewe iko wapi?"

Ilikuwa kwenye droo ya arbab, mwaka wa nne sasa.

"Imehifadhiwa," nikamwambia, na nikaisikia sauti ya mlinda lango wangu.