Salamu kwa Redio Iliyonitoa Jicho

Jicho langu la kulia lilikwenda na upepo na tangazo la redio. Upepo wa kijijini kwetu Hombolo siulaumu, ndivyo ulivyoumbwa. Nawataja watu watatu: mwenye duka la dawa za kilimo aliyelipia tangazo, meneja wa redio aliyelipokea, na mtangazaji wa kipindi cha salamu aliyelisoma kila jioni kwa sauti yake tamu. Lilisema dawa ile ya zabibu ni laini, mkulima hana haja ya kufunika uso. Nikapuliza bila kufunika. Upepo ukageuka.

Hospitali walinisafisha wee, jicho halikurudi. Nimelala na bandeji usoni, redio ya wodini inasema dawa ni laini.

Nilipopata nafuu nilikwenda redioni mjini, nikakalishwa kwenye benchi, nikaambiwa meneja yuko kikaoni. Nikapiga simu kwenye kipindi. Nilipofikia habari ya jicho, mtangazaji akasema laini imekatika, akaweka wimbo. Msimu wa kupuliza ulikuwa unarudi, na jirani yangu, mama mjane ninayepakana naye mashamba, alishanunua dawa hiyo hiyo. Nikamwambia afunike uso.

Akanijibu, "Kaka, wewe uko mmoja. Redio inasikilizwa na watu wote. Nimwamini nani?"

Redio ilikuwa imefungua ukurasa mtandaoni, salamu sasa zinatumwa huko. Mtangazaji anaonekana moja kwa moja, watu wanaandika chini yake, naye anasoma. Mimi ni wa darasa la nne, lakini salamu nimeandika tangu enzi za kadi za salamu. Zina utaratibu wake: unajitaja, unataja unaowasalimu, unamaliza na ujumbe, mara nyingi methali. Mtangazaji huzisoma kama anayepukuchua mahindi, mawazo yake yako kwingine.

Nikawasalimu wapuliza zabibu wote, pamoja na meneja wa redio. Ujumbe: dawa mnayoiita laini imenipofua jicho, funikeni uso.

Mtangazaji aliusoma wote. Ndipo akacheka kidogo, akasema wasikilizaji wana utani.

Chini yake watu wakaanza. Mmoja wa Mlali aliandika kwamba shingo yake iliungua. Mwingine akaweka picha ya mikono ya mkewe. Redio ikafuta. Tukaandika tena, kwa salamu zilezile. Mtu akauliza, "Mbona mnafuta salamu? Ndugu zetu wamewakosea nini?"

Tangazo likatoweka hewani. Meneja akaja Hombolo na kamera, kofia na fulana, akasema redio yake ni sikio la mwananchi. Nikamuuliza sikio hilo lilikuwa wapi nilipokaa kwenye benchi lake. Akanivalisha kofia. Swali langu hawakulirusha.

Jioni ile mtangazaji akasoma, kwa sauti ileile tamu, kwamba mkulima afunike uso na macho anapopuliza. Asubuhi jirani yangu akaja kuazima kwangu miwani ya kupulizia, ambayo nilinunua nikiwa nimeshachelewa.

"Redio imesema," akaniambia, kama ananipa habari mpya.

Nikampa. Alipuliza, akarudisha miwani, akanishukuru. Macho yake yote mawili anayo.