Mafuta Yasiyo na Haraka

Mtaa mzima ulimwita Mama Nyonyo, na jina lilimkaa. Tangu mumewe afariki kazi yake ilikuwa moja: kukaanga mbegu za nyonyo, kuzitwanga, kuzichemsha kwa maji mengi na kuengua mafuta yanayoelea juu. Sufuria hiyo hakupikia kitu kingine, maana mbegu mbichi ya nyonyo ni sumu, haina utani. Mafuta yakishaiva, haya sasa: wengine walipaka nywele zisikatike, wengine walichua magoti, fundi viatu alilainishia ngozi. Aliyefunga choo alipewa kijiko na onyo la kutokwenda mbali na nyumbani.

Lakini mafuta ya nyonyo ni mazito, jamani! Ukiyamimina yanashuka kama uzi. Mwingine angeyapasha moto kidogo yawe mepesi. Yeye? Thubutu! Dumu aliliweka kwenye kona yenye ubaridi, na faneli alinunua yenye mdomo mwembamba kuliko zote sokoni. Mteja akija na chupa yake, anavutiwa kigoda. Mpaka chupa ijae, Mama Nyonyo keshajua goti la nani limevimba na mkwe wa nani kanuna. Wakishaondoka, nyumba inanyamaza kabisa. Upweke ulimtafuna yule mama, basi tu hakuwa mtu wa kulia mbele za watu.

Sasa binti yake, msusi, akaja siku ya mapumziko na huruma zake. Akawasha jiko, akayapasha mafuta, akajaza chupa na kuzipanga dirishani, kila moja na kizibo chake.

"Mama, sasa hutachoka. Mtu anachukua, anakwenda."

Kweli walichukua, wakaenda. Fundi viatu, aliyezoea kukaa mpaka chai inapoa, alipokea chupa yake akiwa amesimama mlangoni. "Afadhali siku hizi, mama," akasema, huyoo, akaishia zake. Wiki nzima kigoda hakikukaliwa. Mama Nyonyo akaona isiwe tabu: akazifungua chupa zilizobaki, akayarudisha mafuta yote kwenye dumu.

Binti alipokuja kuchukua ya saluni, akakuta chupa tupu zimefudikizwa juu ya beseni, zinachuruzika.

"Mama! Kazi yangu yote ile?"

"Chupa zako zimenifukuzia watu, mwanangu. Nakaa humu kutwa peke yangu, sina hata wa kumuuliza kaamkaje."

Binti alikuwa keshashika kiberiti ayapashe mafuta, maana kuna mteja alimwacha saluni kichwa kimesukwa nusu. Akasimama nacho kidogo, kisha akakirudisha dirishani. Akavuta kigoda, akakaa, akatoa kichupa chake mkobani.

Mama Nyonyo akakitazama kile kichupa, akakiweka kando, akaenda chumbani kumtafutia dumu tupu la kujaza badala yake.