Hesabu ya Ishirini

Tulikuwa watu wanne nyumbani kwa binti yangu, Doha, ukiacha mjukuu niliyekwenda kumlea, aliyekuwa amelala. Nilikuwapo mimi. Alikuwapo mwanangu wa mwisho, ambaye ndiye aliyelingoja pambano lile la mieleka kuliko sisi wote. Alikuwapo Mkenya mmoja, mlinzi mwenzake kwenye maghorofa ya The Pearl, ambaye kwenye kambi ya wafanyakazi alilala kitanda cha juu na mwanangu cha chini. Na alikuwapo mkwe wangu, mume wa binti yangu, mwenye nyumba, mtu wa hoteli pale Al Sadd, siku hiyo kapumzika. Binti mwenyewe hakuwapo. Alikuwa kazini, anafanya usafi kwenye hospitali ile ile alikotibiwa macho mdogo wake.

Majina yao wote ninayo, na ya baba zao, na ya wale Wajapani wawili waliopigana pia. Shule niliacha mapema, kwa hiyo kichwa changu kina nafasi ya majina. Lakini watu wangu wamesema nisiyaandike. Basi hata hao Wajapani nitawaita Bingwa na Buti Nyekundu.

Mkwe alikuwapo na hakuwapo. Kwetu Tanga mama mkwe na mkwewe hawakai pamoja kutazama wanaume waliovaa chupi. Kwa hiyo yeye alikuwa jikoni, mlango wazi, kanipa mgongo, anakaanga samaki na anasikiliza. Mkenya, aliyeniita shosho, yaani bibi, lilimchekesha jambo hilo kila mara.

"Buda, geuka basi ucheki! Hii si harusi, ni mieleka."

"Mimi nasikia," mkwe akajibu bila kugeuka. "Mama anasimulia vizuri kuliko picha."

Kweli nilikuwa msimuliaji. Mwanangu jicho la kulia lilikuwa limekwisha kufa, na la kushoto lilikuwa linaona mwanga na kivuli tu. Presha ya macho, walisema. Alipenda mieleka ya Kijapani tangu afike Doha. Mkenya ndiye aliyemfundisha, wakawa wanatazama kwenye simu wakitoka zamu. Macho yalipoanza kufifia akahamia kwa dada yake Al Thumama, na Mkenya akawa anakuja na kompyuta, na mimi nikawa macho. Mwanzoni niliona haya. Baadaye nikawa nagombana na mwamuzi.

Siku ile kulikuwa na mambo mawili ya kungojwa. Mkanda ulikuwa unagombewa kule Japani, kwao jioni, kwetu baada ya adhuhuri. Na madaktari walikuwa wamekaa kuamua kama jicho la kushoto lapasulika au halipasuliki. Binti alikuwa anafahamiana na nesi mmoja, akasema atauliza na kupiga simu. Kampuni ilikwisha kumwambia mwanangu: mlinzi asiyeona si mlinzi. Jicho likishindikana, ni ndege ya kurudi.

Hakuna aliyelitaja la pili. Tulizungumza mkanda tu.

Sasa nieleze pambano. Wale wawili walikuwa na kisirani tangu kabla. Buti Nyekundu alikataa kushikana mkono na Bingwa, akamtemea mate miguuni, na watu wa Japani ambao huwa kimya kama wako msikitini wakaguna wote kwa pamoja. Bingwa alikuwa mtu mzima, goti moja kalifunga bendeji. Mimi nilisema tangu mwanzo kwamba bendeji ile ni kumwonyesha adui pa kupiga.

"Anapiga goti?" mwanangu akauliza.

"Hana kazi nyingine. Anashika mguu, anaupindisha kwenye kamba. Mwamuzi anamfokea."

"Na Bingwa?"

"Anampiga makofi ya kifua. Kifua cha yule mtoto kimekuwa chekundu kama buti zake."

Kutoka jikoni mkwe akasema, "Lakini si wamepangana hao?"

Mwanangu akacheka. Nakumbuka kwa sababu kilikuwa kicheko chake cha mwisho cha namna ile. "Hata kama wamepanga, shemeji, goti halijui kama limepangwa."

Kwa maoni yangu, na nimelifikiria sana, Bingwa alikosea jambo moja. Alipokuwa anamzidi mwenzake, alimfuata nje ya ulingo. Angebaki juu akangoja, mkanda ungebaki kiunoni mwake. Alishuka kwa hasira. Wakavurugana kule chini mpaka wakaangukia kwenye viti, watazamaji wakakimbia. Wote wawili wakalala sakafuni. Mwamuzi akabaki peke yake ulingoni, anahesabu kwa Kiingereza cha Kijapani, na vidole juu.

Hapo ndipo simu yangu ilipolia. Alikuwa binti. Nyuma yake nilisikia ndoo na magurudumu ya kitanda.

"Mama, wameshindwa," akasema. "Nesi kaniambia. Wanasema mshipa wa jicho umekauka, hata wakipasua hawarudishi kitu. Wameshindwa, mama."

Nami, kwa mshtuko tu, nikarudia kwa sauti: "Wameshindwa?"

Mkenya akapiga paja akacheka. "Zii, shosho, bado! Unawazika mapema! Kule Japani nje ya ulingo wanahesabu hadi ishirini ndio uwe umeshindwa. Cheki, hata kumi na tano bado."

"Bado, mama!" mwanangu naye akasema, kanishika goti. "Usiwakatie tamaa. Wamefika ngapi?"

Nikatazama kioo. Simu ilikuwa bado sikioni, binti analia.

"Kumi na nne," nikasema.

"Wanainuka?"

"Bingwa ameshika pazia la ulingo. Anavuta mguu."

"Kumi na ngapi?"

"Kumi na saba. Buti Nyekundu amepiga magoti."

Nikasikia samaki wameacha kulia kwenye mafuta. Mkwe alikuwa amezima jiko. Alijua mkewe alikuwa anauliza nini hospitalini, na alijua mimi siwezi kuongea na Wajapani kwa simu.

Walirudi wote wawili. Hesabu ilikuwa imekaribia kwisha kabisa, watu wa Japani wamesimama wanapiga miguu chini, Mkenya anapiga kelele, mwanangu ananiminya goti hata leo nadhani nina alama. Mimi nikaendelea kusema. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya na mdomo. Bingwa alitupwa chini mara mbili akainuka. Mara ya tatu mguu ulikataa. Buti Nyekundu akamlalia, mwamuzi akapiga sakafu mara tatu, na Bingwa hakutikisa bega.

"Nani?" mwanangu akauliza. Kelele ilikuwa kubwa, hakuweza kujua.

"Buti Nyekundu."

"Bingwa je?"

"Ameshindwa, baba."

Akanigeuzia uso. Kisha akasema, polepole, "Mama. Ile simu ilikuwa ya dada."

"Ndiyo."

"Anasemaje?"

"Neno ni lile lile, mwanangu."

Aliondoa mkono wake kwenye goti langu. Mkenya akafunga kompyuta nusu, akaifungua tena, akasema, "Shosho, na mimi nilikuwa nacheka." Mkwe akatoka jikoni, na akaja akakaa chini mbele yangu, uso kwa uso, na wale watu wa chupi bado wako kwenye kioo, mmoja na mkanda juu ya bega. Heshima yote ya miaka ile akaivuka kwa hatua mbili. Ndege ilikuwa inapita juu yetu, kama zinavyopita pale kutwa nzima, nasi tukangoja ipite.

Tulirudi Tanga pamoja, mimi na mwanangu. Jicho la kushoto halioni tena hata mwanga. Anashinda barazani. Mapambano mapya hataki kusimuliwa, anasema sura za hao hazijui. Anataka lile lile, maana Bingwa alimwona kabla macho hayajafa. Nami namsimulia, na kila nikimsimulia analiona jinsi nilivyosema. Juzi akaniambia, "Mara ya kwanza ulisema goti la kushoto, mama. Sasa unasema la kulia. Nishike lipi?"

Kwa hiyo wewe Mkenya, na wewe mkwe uliyesikia kwa mgongo, na yeyote aliyeliona pambano lile: kama nimekosea goti, au nani aliinuka kwanza kwenye hesabu, niambieni. Hana macho mengine zaidi ya haya yangu.