Tope la Ukoo Kando ya Kibisi

Mzee Wabwile wa Naitiri ni mtu wa kuinua kichwa. Alifanya kazi ya mbao Kitale hadi akastaafu, akarudi kwenye shamba la baba yake kando ya Mto Kibisi akiwa na viatu vinavyong'aa, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia neno akalisikia. Mimi ni jirani yake, tumepakana ua kwa ua, kwa hivyo najua ninachosema.

Chini ya shamba lake palikuwa na kinamasi. Sisi Wabukusu mahali kama hapo tunapaita sitosi. Alfajiri ya kutahiriwa, kijana hupelekwa huko, huogeshwa na kupakwa tope mwili mzima, kisha hurudi nyumbani kwa njia nyingine, kamwe si ile aliyoendea. Wanaume wa kijiji hiki tulipakwa tope la hapo. Shamba lilikuwa la kina Wabwile, lakini tope lilikuwa la wote.

Wabwile akapanda mikaratusi. Mukhisa, jirani wa upande wa chini aliyetahiriwa naye asubuhi moja, alimwendea kumsihi, akamwambia miti hiyo hunywa maji kuliko ng'ombe. Alijibiwa mbele ya watu, nje ya kanisa: "Tope haisomeshi mtoto." Kisha kinamasi kikazungushiwa seng'enge. Miti ikamea, maji yakaisha, vijana wakaanza kupelekwa kwenye kinamasi cha Mukhisa. Wabwile hakujali, kwa kuwa wanawe walikuwa wametahiriwa zamani.

Agosti hii ikawa zamu ya mjukuu wake Kevin, aliyezaliwa Kitale mjini. Wazazi walitaka hospitali. Kevin akakataa, akataka mtoni kama baba yake. Basi babu akavimba kichwa. Kijana alipiga njuga akialika jamaa hadi Cheptais, naye mzee akatangaza kila alikopita kwamba mjukuu atapakwa tope la ukoo.

Sijui alidhani litatoka wapi. Siku moja kabla ya sherehe, jua likiwa utosini, aliteremka na jembe akakuta vumbi na mizizi. Badala ya kukubali, alichota maji mtoni kwa mtungi, akayamwaga pale, akavua viatu na kuanza kukanyaga kama mtu anayetaka kukandika nyumba. Wanawake waliokuja kuteka maji walimwona. Hawakumcheka wala kumsalimia, walipita kimya, na hicho ndicho kilichommaliza. Alikuja kwangu magoti yakiwa bado na udongo, akaniomba nimsindikize kwa Mukhisa.

Mukhisa hakumsuta. Heri angemsuta.

"Tope iko," alisema. "Lete mtoto. Lakini njia ya kurudi, si unajua inapita kwako? Na wewe ulifunga."

Jioni hiyo jamaa walipoanza kufika na kuku na sukari, walimkuta mwenye boma akikata seng'enge yake mwenyewe na kuangusha miti aliyoipanda kwa mkono wake. Waliuliza kuna nini. Aliendelea kukata, na mimi nilikuwa kando yake na shoka la pili.

Asubuhi Kevin alipita katikati ya visiki, tope limemkaukia kifuani, akasimama uani bila kupepesa jicho. Vigelegele vilisikika ng'ambo ya mto.

Wiki iliyofuata, alipokuwa akipona, mimi na Wabwile tuliketi naye nje. Alikuwa akitazama mtoni.

"Kuka," alimwita babu yake, "na baba yangu alipakwa tope wapi?"

"Hapo kwa visiki."

Kijana alishangaa. Akauliza ni nani angepanda miti mahali kama hapo.

Nilimtazama Wabwile. Tangu utotoni namjua, na hajawahi kukosa jibu. Niliona midomo yake ikitafuta neno dogo tu, nikatamani alipate.

"Ni watu tu," alisema, na hakuna kati yetu aliyemsahihisha.